Milango Miwili ya Bluu

"Mlango ni wako, shemeji, rangi ni yako, na brashi uliishika kwa mkono wako mwenyewe. Mimi naingia wapi?" Mama Milango aliuliza.

"Unaingia ukurasa wa nyuma," fundi alisema, mguu haujatoka kwenye kanyagio la cherehani. "Umeandika mlango wa bluu. Mlango wangu ni wa njano. Unaonekana mpaka mwezini."

"Umekuwa wa njano Jumamosi. Gazeti lilichapwa Ijumaa."

"Ungeuliza."

"Niulize nini? Miaka ishirini na mbili mlango wako ni wa bluu. Wewe kila asubuhi unaniuliza kama pua yangu bado iko katikati ya uso?"

Fundi akainama akakata uzi kwa meno. Ndivyo alivyofanya siku zote maneno yakimwishia: alikata uzi, hata kama hakukuwa na uzi wa kukata.

Mezani pake, kati ya mkasi mkubwa na pasi, ilikuwepo barua. Ameiandika tangu asubuhi kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande mmoja, kila herufi imeegemea mwenzake kama watu wa foleni waliochoka. Ilikuwa inakwenda kwa mkuu wa redio na gazeti la chuo. Ilisema kwamba yeye, fundi wa nguo, aliweka tangazo la kukunja pindo za majoho ya mahafali, na tangazo hilo limewapeleka wateja wake wote nyumba ya ng'ambo ya barabara. Mama Milango aliitazama barua ile kama mtu anavyomtazama nyoka aliyejikunja kwenye kiti anachotaka kukalia. Alijua ikifika ofisini, kazi yake imekwisha.

Na kazi yake haikuwa ya kuajiriwa kwa vyeti. Alianza kwa kufagia chumba cha gazeti la wanafunzi, enzi hizo gazeti ni kurasa nne zilizobanwa kwa pini moja, na pini yenyewe ilikuwa na kutu. Siku moja akawakuta vijana wa gazeti wamejishika vichwa. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na pengo la ukubwa wa kiganja, hawana cha kuweka, na mashine ya kuchapia inawasubiri. Mama Milango akaegemea fagio akasema, "Mwekeni shemeji yangu. Anashona suruali." Wakamuuliza huyo shemeji anakaa mtaa gani. Akawaambia mitaa haijui, majina ya mitaa yameandikwa juu sana na yeye hakwenda shule, ila ukipita pampu ya maji ukahesabu milango mitatu, wa nne ni wa bluu, ndiye huyo. Wakaandika vivyo hivyo. Jumatatu yake fundi alipata suruali kumi na moja na koti la mhadhiri lililoliwa na panya.

Tangu siku hiyo hakushika tena fagio. Akawa anazunguka duka kwa duka, kibanda kwa kibanda, akitafuta wa kutangaza kwa wanafunzi. Herufi alikuja kujifunza baadaye, kwenye matangazo yake mwenyewe, akifuata kwa kidole. Lakini hata alipojua kusoma hakuacha mtindo wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alisema, amefika jana na sanduku, jina la mtaa litamsaidia nini? Mpe pampu, mpe ngazi iliyovunjika, mpe mlango na rangi yake, atafika amefumba macho. Milango ya mji ule yote alikuwa nayo kichwani, ya bati, ya mbao, iliyopinda na isiyofungika. Ndipo wanafunzi wakambandika jina la Mama Milango, likamganda mpaka kwenye kitambulisho cha kazi.

Alikuwa na sharti moja tu, nalo alilishika kwa meno yote: hatangazi kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe.

Kinyozi wa karibu na geti alipotaka tangazo, Mama Milango aliketi kwenye kiti chake akasema nyoa. Akanyolewa kipara. Akatembea na hicho kipara chuo kizima, kinang'aa mpaka wasichana wawili wakamsimamisha kwa adabu wajitazamie humo kama nywele zao zimekaa sawa. Kinyozi hakupumzika muhula mzima. Muuza magodoro naye akamwita. Mama Milango akajilaza kwenye godoro dukani, dirishani kabisa, ili aone lina mbonyeo gani, na usingizi ukampitia saa tatu asubuhi. Wanafunzi wakapita, wakasimama, wakachungulia. Mtu anayekoroma vile, wakasema, godoro lake halina udanganyifu. Alipoamka alasiri duka lilikuwa tupu, yamekwisha yote, limebaki lile alilolalia, na mteja wa mwisho amesimama pembeni na kamba mkononi akimsubiri kwa heshima ainuke.

Kisha ikaja redio ya chuo, wakampa dakika kumi kila siku saa sita mchana. Redio yenyewe nguvu zake zilikuwa za kufika mabwenini. Ikijikaza sana inafika getini, pale inashika kiuno na kugeuza. Lakini humo ndani ya uzio hapakuwa na sauti iliyosikilizwa kama ile. Wanafunzi walimwigiza wakiwa kwenye foleni ya chakula, "Pita pampu, usiogope mbwa, mbwa ni mzee kuliko mimi," na mwisho wa wiki walikuwa pale pale penye mbwa.

Mwaka huu akaletwa mkuu mpya wa redio na gazeti. Binti mwembamba, miwani mikubwa, amesomea mambo haya ya matangazo mpaka yakaisha. Hakuwa mbaya. Alimwita "mama" na kumsogezea kiti. Lakini alikuwa na karatasi yenye michoro ya mistari inayopanda na kushuka, na michoro ile ilisema wanafunzi sasa macho yao yako kwenye simu, na kuna kampuni ya mjini iko tayari kuchukua ukurasa wa nyuma na zile dakika kumi, iwatangazie kwa picha zinazochezacheza. Mama Milango aliiangalia mistari ile akasema, "Huu unaoshuka ndio mimi?" Binti akacheka bila kutaka, akasema tutaendelea na wewe mama, tuone.

Kilichoharibu ni mwenye mashine ya kutoa nakala. Mama Milango alikwenda kwake, akatoa nakala ya kitambulisho chake mara tano, kisha saa sita akatangaza: nakala ni safi, hazina doa, ila mashine inalia kama mbuzi aliyefungiwa, msiende mkiwa na maumivu ya kichwa. Wanafunzi walimiminika, nusu yao kwa ajili ya kusikia mbuzi. Mwenye mashine hata hivyo aliandika malalamiko ya kurasa mbili. Ndipo yule binti akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu: "Mama, hili limepita. Likija lingine moja tu, sitakuwa na la kujibu huko juu. Ukurasa utakwenda kwa kampuni."

Na sasa hilo lingine moja lilikuwa limelala mezani kwa fundi, limekunjwa mara mbili, na aliyeliandika ni ndugu wa mume wake.

"Kwa nini njano, shemeji?" Mama Milango aliuliza. Alivuta kigoda akaketi. Mfuko aliokuja nao akauweka chini kwa uangalifu, karibu na miguu. "Niambie tu. Bluu ilikukosea nini?"

Fundi aliendesha cherehani kidogo, nguo ikiwa haipo. "Yule mtengeneza simu wa kule kona mlango wake wa njano. Umeona vijana wanavyojazana pale? Kama nzi."

"Wanafuata simu zao. Hata angepaka mlango masizi wangekwenda."

"Kwangu hawaji. Wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Wananipita, shemeji, wananipita kama nguzo ya umeme. Nikasema wiki ya mahafali labda wakiona rangi..." Hakumaliza. Akatafuta uzi wa kukata.

Rangi ile ya bluu aliipaka mume wa Mama Milango, marehemu sasa, aliyekuwa mpaka rangi wa chuo. Ilikuwa masalia ya tangi la maji. Alimpakia mdogo wake mlango ule siku anafungua kibanda, na kila mwaka fundi aliongeza tabaka jingine juu yake kutoka kopo la aina ile ile. Hilo Mama Milango hakulisema. Alisema, "Haya. Na kopo la bluu lililobaki ukalipeleka wapi?"

"Unajua nililipeleka wapi."

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

"Nilimpa Mkunga."

Hapo ndipo penye shina la yote. Mkunga alikaa ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na wa fundi. Amestaafu wodi ya wazazi baada ya miaka arobaini, na mlango wake ulikuwa umebabuka mpaka unaona aibu. Fundi alipomaliza njano yake Jumamosi asubuhi, akaona kopo la bluu lina nusu, akavuka akampa jirani. Wema tu. Jumamosi jioni mlango wa Mkunga ulikuwa bluu tupu, unameremeta. Jumatatu gazeti likatoka: "Joho refu? Fundi anakunja pindo ukisubiri. Pita pampu ya maji, tafuta mlango wa bluu." Wanafunzi wakapita pampu. Wakatafuta. Mlango wa bluu ulikuwa mmoja tu.

Mtu mwingine angewaambia mmepotea. Lakini Mkunga kwa miaka arobaini amefungulia mlango watu wanaohema wakiwa na kifurushi mikononi, hajapata kumuuliza hata mmoja unatoka wapi. Alikipokea. Akachana bandeji nyeupe vipande viwili, akaandika namba, kimoja akakifunga kwenye shingo ya joho, kingine kwenye kifundo cha mkono wa mwanafunzi, kama vichanga wanavyofungwa wasije wakabadilishana. Akawaketisha, akawapa chai, akawauliza wamekula. Siku ya kwanza walikuja saba. Siku ya pili walikuja thelathini na kitu, wengine hawana hata joho, wamesikia kuna bibi anasikiliza.

Majoho matatu alijaribu kuyakunja pindo mwenyewe. Alizishona kwa ule mshono wa hospitali, fundo kila hatua. Zile pindo hazitafunguka tena hapa duniani. Atakayevaa majoho yale atazikwa nayo au atayarithisha.

Fundi alivuka Jumanne kudai wateja wake. Akarudi mikono mitupu, masikio yamewaka.

"Nimemwambia Mkunga, majoho hayo ni yangu," alimweleza Mama Milango sasa, kwa mara ya nne. "Ananiambia, bandeji yako iko wapi? Nimwambie nini? Ananiambia, mtoto hapewi mtu asiye mama yake. Mimi mtu mzima, mbele ya wanafunzi."

"Alikuwa sahihi."

"Shemeji."

"Angekupa mtoto wa mtu, wewe ungemheshimu?"

"Ni nguo."

"Kwake yeye si nguo. Nimepita pale leo asubuhi nikazungumza naye. Amenyoosha majoho yote kitandani, yamejipanga, usiku anayafunika kwa shuka."

Fundi akaipiga barua kwa kiganja. "Basi hii inakwenda. Mahafali ni Jumamosi, leo Jumatano. Sijakunja hata pindo moja. Sikuchukii, unajua sikuchukii, lakini kazi ni kazi. Saa kumi wanafunga ofisi na mimi nitakuwa pale."

"Saa kumi hutakuwa pale. Utakuwa hapa."

"Nani kasema?"

Mama Milango akajitazama vidole. "Nilisema mimi. Saa sita. Redioni."

Cherehani likasimama kabisa. "Umesema nini redioni?"

"Mkunga amekubali kwamba mama mwenyewe akija na bandeji yake akambeba mwanawe, hawezi kumzuia kwenda naye popote. Basi nikatangaza. Mlioacha majoho kwa bibi, mkitoka darasani saa kumi mkayachukue, mvuke barabara. Pale kuna mlango wa bluu wa pili, ndani yake kuna fundi, atawakunjia mkisubiri."

"Mlango wa bluu wa pili."

"Ndiyo."

"Ng'ambo ya kwa Mkunga."

"Hapo hapo."

Fundi aligeuka polepole akautazama mlango wake, uliokuwa wazi, na ule unjano wake ukaingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi. "Shemeji, umetangaza uongo. Wewe. Chuo kizima kimekusikia."

"Sijatangaza uongo. Nimewahi kidogo tu." Akainama akafungua mfuko. Akatoa kopo, akatoa brashi iliyofungwa kwa gazeti. Kopo lilikuwa lile lile, lenye alama ya kidole cha fundi ubavuni. "Mkunga amenirudishia iliyobaki. Inatosha mlango mmoja ukiwa huna mkono mzito. Saa hizi ni saa tisa na dakika tano. Sijawahi hata siku moja kumpeleka mwanafunzi kwenye mlango usiokuwepo, na sitaanza nikiwa na meno machache hivi."

"Usiuguse mlango wangu."

"Umetengenezwa na mume wangu huo."

"Ulitengenezwa na seremala. Kaka alipaka tu."

"Basi na mimi napaka tu."

Akatoka. Fundi akabaki kwenye kiti chake akisikiliza brashi, shwa, shwa, ya mtu aliyemtazama mpaka rangi miaka yote ya ndoa na sasa amepata nafasi ya kuonyesha kwamba kazi ile haikuwa ngumu kama alivyosimuliwa. Alianzia katikati, kama watu wote wasiojua.

"Anzia juu," fundi alisema kutoka ndani.

"Sifiki juu."

"Panda kigoda."

"Kigoda kiko ndani kwako na wewe umenikasirikia."

Fundi akachukua kigoda, akakitoa nje, akakishikilia ili kisiyumbe. Hakutaka ionekane kama anasaidia, kwa hiyo aliangalia barabarani. Ng'ambo, Mkunga alikuwa amesimama mlangoni pake na kikombe, anawatazama kama anavyotazamwa mzazi aliyechelewa.

"Kona ile umeiruka," alisema Mkunga, bila kupaza sana sauti.

"Naiona," akajibu Mama Milango.

"Huioni. Kushoto."

"Wote nyinyi mafundi leo."

Wakapaka. Baadaye fundi akachukua brashi kwa sababu, alisema, hawezi kuvumilia kuangalia. Sehemu ya chini akaipaka yeye, kwa magoti, kimya, na rangi ile ile ikaanza kurudi mahali pake, njano ikizama chini kidogo kidogo. Robo tatu ya saa ikapita. Walirudi ndani, mlango ukaachwa umerudishwa ili ukauke, mikono ya bluu, na ugomvi wakauokota pale walipouacha.

"Haibadilishi kitu," fundi alisema. Akajifuta mikono kwa kitambaa. Chini ya meza vitambaa vilijaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, miaka ishirini na mbili ya vipande. "Siku tatu nimekaa bure. Barua nimeandika, na lililoandikwa limeandikwa."

"Ipeleke."

"Nitaipeleka."

"Ipeleke, shemeji. Sitakuzuia. Lakini ukifika pale, wakikuuliza nani alikuambia wanafunzi wanapenda njano, usiseme ni mimi. Mimi tangazo langu la kwanza kabisa lilikuwa wewe, na nililijaribu kwanza kabla ya kulitangaza. Ulinishonea gauni la harusi. Ukasahau zipu."

"Sikusahau. Kitambaa kiliisha."

"Nikaolewa na pini saba mgongoni. Kaka yako kila akinikumbatia analia. Bado nikakutangaza. Nikasema anashona suruali, kwa sababu suruali nilikuwa na hakika nazo."

Fundi alicheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kikawa kikohozi, kikamshinda. Kisha akakaza uso tena, akaichukua barua, akaigonga ukingo wake mezani. "Wasipokuja saa kumi?"

Ile mistari ya yule binti ilimpita Mama Milango kichwani, yenye kupanda na yenye kushuka. Labda ni kweli hakuna anayesikiliza tena. Labda saa sita alizungumza na kuta, na redio ikafika getini ikageuza. Alitazama saa ya ukutani, ile iliyokuwa nyuma dakika kumi siku zote. Ilisema saa kumi.

"Shemeji," alianza, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa ndogo, "kama hawakuja, hiyo barua nitaipeleka mwenyewe. Nina njia moja na..."

Mlango ukasukumwa kutoka nje.

Aliyeingia alikuwa yule binti wa miwani mikubwa, mkuu wa redio na gazeti. Begani amebeba joho jeusi refu la walimu, lenye bandeji shingoni. Kwenye kifundo cha mkono wake bandeji nyingine, namba arobaini na mbili. Nyuma yake barabarani kulikuwa na sauti za watu wengi wanavuka. Mkono wake wa kulia aliuinua mbele yao, umefunguka, na kiganja chote, kutoka vidoleni mpaka bandejini, kilikuwa bluu.

"Samahani," alisema. "Bibi wa ng'ambo ameniambia ni mlango wa bluu mwingine. Ndio huu?"

Mama Milango aliitazama barua. Fundi aliutazama mkono ule wenye rangi mbichi, akaviona vitambaa vyote vilivyojaa miguuni pake, akavipita. Akaikunjua barua, akaigeuza upande usioandikwa, akampa binti afute.